Vyumba Visivyo na Kiti cha Mkubwa

Vijana wanaosanifu menyu na skrini tunazozigusa kila siku wana tabia moja ambayo sisi tuliowatangulia hatukuwa nayo, nami naiona kuwa mali kubwa kuliko kompyuta zao. Kijana anachukua kazi ambayo bado mbichi, yenye kasoro anazozijua na asizozijua, anaitupa katikati ya grupu la watu ambao wengi wao hajawahi kuwatia machoni, kisha anaandika: “Naombeni mnikosoe.” Halafu wanamkosoa kweli. Mmoja yuko Mwanza, mwingine Nairobi, mwingine anasoma Ujerumani. Usiku, bando likiwa nafuu, meseji zinashuka moja baada ya nyingine: kitufe hiki kimekaa karibu mno na kile, maneno haya mama yangu hatayaelewa, mbona unaniuliza namba ya simu mara mbili?

Kazi yao huitwa usanifu wa mwingiliano. Kwa lugha nyepesi, ni kupanga yatakayotokea baina ya mtu na kifaa: anaona nini kwanza, anabonyeza wapi, kifaa kinamjibu nini, na akikosea anarudije. Bill Moggridge, Mwingereza aliyesanifu umbo la GRiD Compass, mojawapo ya kompyuta za mwanzo za kukunjwa, iliyotoka mwaka 1982, alisimulia kwamba alipoanza kuitumia mwenyewe alisahau upesi kasha na bawaba alizozihangaikia. Akili yake yote ilizama ndani ya kioo. Katikati ya miaka ya 1980 yeye na Bill Verplank wakaipa jina kazi hiyo ya ndani ya kioo. Mwaka 1988 Don Norman akatoa kitabu chake juu ya vitu vya kila siku, kilichowafundisha wengi kwamba mtu akisukuma mlango unaotakiwa kuvutwa, wa kulaumiwa ni aliyeutengeneza mlango. Mwaka huo mimi nilikuwa kiwandani nachapa fomu.

Maisha yangu ya kazi yalipita kwenye uchapaji hapa Dar es Salaam, kwanza kwa herufi za risasi, baadaye ofseti, mwishoni kompyuta. Sehemu kubwa ilikuwa fomu: za kuomba kazi, za mikopo, za kuandikisha watoto shule. Fomu nayo ni mwingiliano. Anayejaza anaulizwa, anajibu, anakwama, anarudi dirishani kuuliza. Naikumbuka moja iliyokuwa na mstari wa nukta wa kuandikia majina matatu, mfupi kiasi kwamba mtu aitwaye Mwanahamisi akimaliza jina lake la kwanza alikuwa ameshafika ukingoni. Jina la baba na la babu yalipanda juu ya mstari kwa herufi za sisimizi, na mengine yakaandikwa pembeni kwa kusimama. Kila aliyekaa kwenye meza ya kupanga herufi aliliona hilo. Makarani wa dirishani waliliona zaidi, maana wao ndio waliopewa kazi ya kuyasoma. Lakini nakala ilikuwa imeshuka kutoka juu ikiwa na sahihi na muhuri, na kwa desturi ya wakati ule kitu kilichoshuka na muhuri hakikuwa na wa kukirudisha. Ikachapwa rimu kwa rimu, mwaka baada ya mwaka, mstari ukiwa ule ule.

Kwa hiyo nasikia vibaya wenzangu wa rika langu wakisema vijana wa siku hizi wana macho makali kuliko yetu. Macho tulikuwa nayo. Tulichokosa ni mahali ambapo aliyeona angeweza kusema bila kwanza kupima cheo cha aliyekosea. Don Norman wetu alikuwa yule karani wa dirishani, na hakuna aliyemuuliza.

Vijana wamepapata mahali hapo kwenye vyumba vya gumzo vya mtandaoni, na asili yake iko mbali na kwetu. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, Doug Brown alitengeneza Talkomatic ndani ya mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO. Kila chaneli iliingia watu watano, na kila herufi uliyobonyeza waliiona wote papo hapo, hata zile ulizozifuta baada ya kujirudi. Agosti 1988 Jarkko Oikarinen wa Oulu, Finland, akatengeneza IRC, ambamo mtu anaandika sentensi yake peke yake, anaisoma, ndipo anaituma. Tofauti ya vyumba hivyo viwili inaonekana ndogo, lakini ndiyo somo lenyewe la fani hii. Ukiziona herufi za mwenzako zikitoka, unamkatiza kabla hajafika kwenye hoja. Usipoziona, unamsubiri, naye anapata nafasi ya kulipima neno lake. Aliyepanga chumba amekwisha kupanga na tabia za watakaokaa humo. Wasanifu wa mwingiliano wanaojadiliana kwenye vyumba vya gumzo wanaishi ndani ya kitu kile kile wanachokijadili, na walio makini miongoni mwao wanalijua hilo. WhatsApp ilipoleta tiki za bluu mwezi Novemba 2014, nyumba nyingi hapa mjini ziliingia ugomvi juu ya meseji iliyosomwa isijibiwe. Vijana wa fani hii wakaigeuza kuwa mada: rangi moja tu, na uhusiano wa watu umebadilika.

Kwetu haya yalipita kwenye mikahawa ya intaneti. Kuelekea mwaka 2000 na miaka iliyofuata, vijana wa mji huu walikuwa wakilipia kwa saa na kuchati kwa mIRC, programu iliyotolewa na Khaled Mardam-Bey mwaka 1995. Intaneti ilikuja kwa setilaiti, picha ilichukua muda mrefu kufunguka, lakini maandishi yalipita. Wazazi wengi waliona ni kuchezea hela. Kumbe humo kijana alikuwa anajifunza kuandika hoja fupi kwa mtu asiyemjua, akapingwa, akajibu, akapingwa tena. Mkongo wa SEACOM ulipowashwa pwani yetu Julai 2009, yaliyobaki yakafuata haraka. Nairobi ikawa na iHub mwaka 2010, Dar tukawa na Buni pale COSTECH, Sayansi, na watu waliokutana kwa majina ya mtandaoni wakaonana uso kwa uso. Zikaja Slack, Telegram, Discord, na programu kama Figma ambamo watu kadhaa huchora ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kila kishale kikiwa na jina la mwenyewe.

Mimi nilitiwa kwenye mojawapo ya vyumba hivyo na mjukuu wangu, ambaye ndiyo kazi yake. Wenzake walikuwa wanatengeneza programu ya vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, na akaona mtu aliyekaa na fomu miaka mingi anaweza kuwafaa. Nitaeleza usiku mmoja tu, kwa sababu una mengi ndani yake.

Programu yao ilikuwa ya kutumika hata kwenye simu ya kitochi, kwa hiyo walitumia menyu zile za nyota na reli ambazo sote tunazijua kwa kutumia pesa za simu. Menyu ya namna hiyo ina nafasi ya herufi 182 kwa skrini moja, nafasi tupu na nukta zikiwemo. Binti mmoja akaweka picha ya skrini yake: “Unaweka hisa 3, jumla 15,000. 1. Ndiyo 2. Hapana.” Akaomba akosolewe. Wa kwanza kujibu alikuwa kijana wa Kampala. Akasema watu waliozoea menyu hizi hawasomi, vidole vyao vimekariri moja-moja-moja, na ukiweka Ndiyo kwenye moja umeondoa uthibitisho huku ukidhani umeuweka. Akashauri mwanachama aandike upya idadi ya hisa. Mwingine akapinga hapo hapo: muda. Menyu hizi hukatika mtu akichelewa kujibu, na kwenye kikoba watu huhesabu noti, huulizana, huitana. Kumwongezea mtu la kuandika ni kumwongezea nafasi ya kukatiwa na kuanza upya. Wakavutana hapo kwa muda mrefu, kila mmoja akileta mfano wa mtu anayemjua: shangazi, mama mwenye nyumba, fundi cherehani wa jirani.

Ndipo akaandika mmoja aliyekuwa kimya tangu jioni, mtu wa Kigoma. Akasema: kwenye kikoba cha mama yangu simu ni moja, anayo katibu. Wanachama wanakuja mmoja mmoja, wanatoa hela, katibu anabonyeza. Sasa hapo kwenye skrini yenu, anayeambiwa “unaweka” ni nani?

Kwa dakika kadhaa hapakuingia meseji. Wote walikuwa wamechora skrini kwa ajili ya mtu mmoja na simu yake, kwa sababu ndivyo wanavyoishi wao, na ndivyo vitabu na video wanazojifunzia zinavyochukulia. Kumbe aliyeshika simu ni mmoja na mwenye hela ni mwingine, na yule mwenye hela anasimama pembeni akiangalia kioo kidogo juu chini. Skrini ilipaswa kusomeka na wote wawili, tena kwa sauti. Kuanzia hapo kazi ikageuka. Jina la mwanachama likaja mwanzo, maneno yakapunguzwa, na baada ya kila mchango ukawekwa ujumbe ambao katibu anaweza kuutamka mbele ya kikundi.

Hapo nami nikawa na la kusema. Nikawaandikia habari za ule mstari wa nukta, na kwamba majina yetu ni marefu na yanakwenda matatu matatu, hivyo waanze kwa kutenga nafasi ya jina, halafu kilichobaki katika zile herufi 182 ndicho wagawane maneno mengine. Wakahesabu. Binti yule akakata “Unaweka”, akakata “jumla”, akabakiza jina, hisa na kiasi. Skrini ikawa fupi na ikasomeka vizuri zaidi kuliko mwanzo. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza: kasoro iliyochapwa kwa miaka mbele ya macho yetu ilikuwa imepata wa kuirekebisha, kwenye kazi nyingine, kwa watu wasiokuwa wamezaliwa wakati ule.

Kisha mjukuu wangu, kwa furaha yake, akawaambia mimi ni nani. “Huyo ni babu yangu.”

Shikamoo zikamiminika. Shikamoo mzee, shikamoo babu, tunashukuru kwa hekima. Nilizipokea kwa moyo wote, maana heshima ile ni ya kweli na hawa ni watoto waliolelewa. Lakini tangu meseji ile, kitu kikabadilika. Nilichoandika kilijibiwa “Ni kweli mzee.” Nilipopendekeza kwamba namba ya mwanachama itangulie jina, kama ilivyo kwenye madaftari ya kikundi, hakuna aliyeniuliza kwa nini. Watu walewale waliokuwa wanamng’ang’ania binti wa watu juu ya neno moja hadi usiku wa manane sasa walikuwa wananipita kwa unyenyekevu. Sikuwa na njia ya kujua kama pendekezo langu ni jema au bovu, kwa maana halikupimwa na mtu. Lile kosa la muhuri lilikuwa limeingia chumbani kwao, na safari hii muhuri ulikuwa mvi zangu.

Nikawaandikia tena. Nikawaambia: marahaba wanangu, shikamoo zenu zimefika na ni haki yangu, sitawarudishia. Lakini kwenye kazi nataka mnipinge kama mlivyompinga mwenzenu, kwa sababu na mimi nimekuja kujifunza na kusaidia, na nisipopingwa nitakuwa nimekuja kukaa tu. Kijana wa Kampala akachukua muda, akaandika: mzee, kwa heshima zote, namba ianze hapana, pale mbele ya katibu watu wanaitana majina, namba wanaitazama kwenye kitabu. Tukaendelea kutoka hapo, na likawa gumzo zuri.

Wapo wanaopenda kuvifananisha vyumba hivi na baraza zetu za mwambao, zile za mawe mbele ya nyumba za Mji Mkongwe au Lamu. Naelewa wanachotaka kusema, lakini barazani kila mtu anajua nani anakaa wapi, nani anaanza kusema, na kijana akitaka kumsahihisha mtu mzima anatafuta njia ya kuzunguka. Baraza ina uzuri wake, na ndiyo iliyotulea. Chumba cha gumzo kimetupa kitu kingine ambacho baraza haikuweza kukitoa: neno linaingia likiwa halijavaa umri, kabila, cheo wala lafudhi ya msemaji. Linapimwa lenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini kwa vitendo tulimwachia kila mtu afiche kazi yake mpaka imekamilika, imepigwa muhuri na haigeuziki.

Kasoro zimo, nami nikinyamaza juu yake nitakuwa nawatendea kama walivyonitendea mimi siku ya shikamoo. Ya kwanza ni kwamba anayetumia kitu hayumo chumbani. Wamo watu wenye simu janja, bando, na elimu ya kuandika haraka. Katibu wa kikoba hayumo. Yule kijana wa Kigoma alimleta kwa mdomo, na ilikuwa bahati tu kwamba alikuwa macho usiku ule. Angelala mapema, chumba kizima kingekubaliana kwa furaha juu ya skrini isiyofaa. Historia ya pesa za simu inatuonyesha jambo hili waziwazi. Jaribio la M-Pesa lililoanza Kenya mwaka 2005, likiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, lilikusudiwa kuwasaidia wateja wa taasisi ya mikopo ya Faulu kulipa madeni yao kwa simu. Wateja wakaanza kulitumia kwa mambo yao. Wakatumiana hela wao kwa wao. Wafanyabiashara wakaweka pesa huku na kwenda kuzitoa kule, wasisafiri na noti mfukoni. Waliokuwa wanaendesha jaribio walikaa na watu wakayaona hayo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma pesa. Hakuna mjadala wa wataalamu peke yao, hata uwe mkali namna gani, ungeyajua hayo kabla ya watu kuyafanya.

Kasoro ya pili ni ulimi. Maandishi hayana uso. Neno ambalo ana kwa ana lingetoka na tabasamu linatua kama kofi. Nimewaona mabinti wawili, wenye vipaji, wakitoka kwenye grupu kimya kimya baada ya kazi zao kudhihakiwa, na chumba kikaendelea kana kwamba hakijapoteza kitu. Kukosoa kazi na kumvunja mtu ni mambo mawili, na admini asiyeyatenganisha hafai kuwa admini. Hapa wakubwa tunaweza kuwa na kazi, maana adabu ya kusema jambo gumu bila kumdhalilisha mtu tunayo, ndiyo tuliyofunzwa jandoni, unyagoni na barazani. Tuliikosea kwa kuitumia ili tusiseme kabisa.

La tatu linanikosesha usingizi kuliko hayo mawili: vyumba hivi si vyao. Mwezi Mei 2021 mtandao wa IRC ulioitwa freenode, ambao mafundi wa programu huria duniani waliutegemea kwa miaka mingi, uliingia mgogoro wa umiliki. Waliokuwa wakiuendesha kwa kujitolea wakajiuzulu na kuanzisha mwingine, Libera.Chat, na watu wakahama na vyumba vyao kama wakimbizi. Mwaka 2022 Slack ilibadili masharti, asiyelipa akabaki akiona meseji za siku 90 tu. IxDA, chama cha wasanifu wa mwingiliano kilichokua kutokana na mazungumzo ya mtandaoni mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kufikia kuwa na mikutano ya dunia, kilitangaza kufungwa mwaka 2024. Sasa fikiria ule usiku wa kikoba. Kijana wa mwakani atakayetaka kujua kwa nini jina la mwanachama linatangulia atatafuta wapi? Sisi fomu zetu mbovu zingalipo, kwenye makabati na maghala ya nyaraka, na mtu anaweza kuzifunua akajifunza kutokana na ubovu wake. Hekima ya hawa vijana ni bora kuliko yetu na inafutika upesi kuliko yetu.

Na tangu mwisho wa mwaka 2022 limeingia lingine. Mashine zinazojibu maswali zimekuwa karibu, hazichoki, hazidhihaki, na ziko macho saa zote. Mjukuu wangu anazitumia, na sioni ubaya kuzitumia. Lakini naona vyumba vinapoa. Swali ambalo zamani lingetupwa mbele ya watu mia sasa linaulizwa faraghani, linajibiwa vizuri, na linafia hapo. Hakuna wa tatu aliyelisikia. Mashine inaweza kukuambia kanuni za kupanga skrini ya kuthibitisha malipo, tena kwa ufasaha. Kwamba kwenye kikoba cha mama yake mtu fulani simu ni moja na anayo katibu, hilo lilihitaji mtu aliyekaa kwenye mkeka ule akiwa mtoto, na lilihitaji chumba ambamo angeweza kulisema bila kuulizwa yeye ni nani.

Nina neno na wenzangu wa umri wangu, na waliotufuata, ambao leo ni wakurugenzi na wakuu wa idara. Vijana hawa mnawaajiri. Wanafika kwenu wakiwa wamezoea kuweka kazi mezani ikiwa nusu na kuomba ipigwe. Wiki ya kwanza wanafanya hivyo. Kwenye kikao wanaambiwa wasubiri wakubwa wamalize. Wanaona skrini ya huduma yenu ina kasoro, wanasema, wanaulizwa wameanza lini kazi. Baada ya miezi kadhaa wanakuwa kama tulivyokuwa sisi kwenye meza ya herufi: wanaona na hawasemi. Halafu usiku, kwenye grupu, kwa jina la bandia, wanaijadili ile kasoro ya ofisi yenu na watu wa nchi tatu, wanapata suluhisho zuri, na asubuhi hawalileti. Nimesoma mazungumzo ya namna hiyo. Wananchi wanahangaika na skrini ambayo dawa yake imeshapatikana, iko kwenye simu ya mfanyakazi wenu mwenyewe, mezani pake.

Nawaomba mfanye jambo dogo. Kabla huduma haijatoka, iwekeni mbele ya wafanyakazi wote bila kutaja nani aliyeisanifu, na kila mmoja aandike anachokiona bila jina lake, karani wa dirishani akiwa wa kwanza. Yasomwe yote kwa sauti, hata yale yanayomhusu mkurugenzi. Halihitaji bajeti.

Vijana wa chumba chetu wenyewe wamekubali mambo mawili. Kila wiki mmoja wao anaandika kwa Kiswahili muhtasari wa yaliyojadiliwa, yakiwemo yaliyokataliwa na sababu zake, na unahifadhiwa kwenye faili ambalo nakala zake zipo kwenye kompyuta zao wenyewe. Na hakuna skrini inayopita mpaka mmoja wao awe amekaa na katibu wa kikoba halisi, siku ya kikao, akitazama bila kusaidia. Mjukuu wangu alikwenda Mbagala, na aliporudi alileta jambo ambalo halijaisha hadi ninapoandika.

Sanduku la kikoba huwa na makufuli matatu, na funguo zake wanazo wanachama watatu tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Vijana waliliiga hilo vizuri: mkopo hautoki mpaka watu watatu waidhinishe, kila mmoja kwa namba yake ya siri. Lakini Mbagala mmoja wa wenye funguo alikuwa msibani. Kwa sanduku la bati angemtuma mwanawe na ufunguo, kikao kikaendelea, na jioni ufunguo ukarudi shingoni kwake. Namba ya siri ukishamwambia mtoto hairudi. Kijana wa Kampala anataka uwepo ufunguo wa nne wa akiba. Binti aliyechora skrini ya kwanza anasema wa nne atakuwa ndiye anayetumika kila siku, na ulinzi wa watatu utakuwa wa jina tu. Mtu wa Kigoma amemuuliza mama yake, tunasubiri jibu. Mimi nimeandika kwamba kikundi kiweze kumteua mwakilishi kwa siku moja, mbele ya wanachama wote, na uteuzi ufe jua linapozama. Wameanza kuipinga hoja hiyo, na hoja zao ni nzito.